QR au Data Matrix kwenye kichupa cha mililita 10?

SWALI

"Assalaam alaykum kaka. Nipo Unguja, nafungasha mafuta ya karafuu na ya mchaichai. Nina chupa za mililita 100 na vichupa vya mililita 10. Hivi vidogo nimepima kipenyo chake nimepata milimita 25. Mnunuzi wangu wa Muscat ameniandikia kwamba kuanzia mzigo ujao anataka kila chupa iwe na 'bakodi ya mraba' yenye namba ya bidhaa, bechi na tarehe ya kuisha. Kijana anayenichapia lebo anasema tuweke QR, ndiyo inayojulikana. Shemeji yangu yuko famasi, anasema niweke Data Matrix kama za kwenye maboksi ya dawa, eti hiyo haiigiki. Na mimi nina donda langu: mwaka jana nilitengeneza QR ya bure mtandaoni, nikaibandika kwenye chupa 600, baada ya wiki kadhaa ukiiskani unaletewa ukurasa unaodai nilipie. Kwani QR zina muda wa kuisha? Ipi inabeba zaidi, ipi haiigiki, na ipi itasomeka kwenye kichupa kidogo namna hii? Lebo 5,000 zinasubiri kuchapwa. Sitaki hasara tena."

JIBU

Wa alaykum salaam, dada yangu. Kwanza mwambie kijana asichape. Lebo zikichelewa wiki mbili haziozi, lakini zikichapwa zote 5,000 kama mlivyopanga, ziwe za QR au za Data Matrix, nyingi utazichoma moto. Sababu nitaifikia, inahusu neno moja la mnunuzi wako ambalo nyote mmelipita haraka: bechi.

Watu huniuliza "ipi bora?" kana kwamba tunazungumzia Simba na Yanga. Mimi huwajibu kwa swali: nani ataisoma, na atakuwa ameshika nini mkononi? Ukishajua hilo, nusu ya ubishi wa kijana wako na shemeji yako unaisha wenyewe.

Tuanze na donda, maana usipolielewa utaendelea kuogopa kitu kisichohusika. QR haina muda wa kuisha. Ni mchoro tu. Ndani yake hakuna saa wala betri, na haijaunganishwa na chochote. Iliyochapwa miaka 30 iliyopita, karatasi ikiwa bado nzima, itasomeka leo. Kilichokupata ni hiki: ile tovuti haikuandika anwani ya ukurasa wako ndani ya mchoro. Iliandika anwani yake yenyewe, fupi, halafu seva yake ndiyo ikawa inampokea mteja na kumsindikiza kwako. Mpango huo una faida zake. Unaweza kubadilisha ukurasa bila kuchapa lebo upya, na unaona ni watu wangapi wameskani. Ila mlango si wako, umepanga. Kipindi cha bure kilipokwisha, mwenye nyumba akafunga.

Kuitambua ni rahisi. Elekeza kamera ya simu kwenye mchoro, lakini usibonyeze. Soma kwanza jina la tovuti linalojitokeza. Likiwa si lako, ujue kuna mtu kati yako na mteja wako. Kwa zile chupa 600, zilizobaki stoo zibandike kistika kipya juu ya ile ya zamani. Zilizokwisha kuuzwa hazirekebishiki kwa njia nyingine isipokuwa kulipa, na mimi ningelipa tu kama ukurasa ule una jambo ambalo mteja analihitaji kweli, mathalani namna ya kuzimua mafuta ya karafuu kabla ya kuyapaka kwenye ngozi. Kama ulikuwa na picha za shamba tu, uache ufe.

Sasa tuiangalie hii michoro kwa karibu. Bakodi ya kawaida, ile ya mistari ambayo vitabuni huitwa msimbomilia, hubeba habari kwa upana wa mistari na nafasi zake. Kimo chake ni marudio ya jambo lilelile, ndiyo maana ukiichana katikati kwa mlalo kila nusu bado inasomeka. Michoro ya mraba hutumia pande zote mbili, kulala na kusimama, kama ubao wa drafti ambao kila nyumba ina kete au haina. Kila kiraba cheusi au cheupe ni jibu moja la ndiyo au hapana.

Tatizo la ubao kama huo ni kwamba kamera haijui unaanzia wapi, umeelekea wapi, wala una nyumba ngapi. Hapo ndipo koo zinapoachana.

QR ilitoka Japani mwaka 1994, kampuni ya Denso, kwa timu ya Masahiro Hara, ili vipuri vya magari visomwe haraka. Kabla ya hapo boksi moja lilikuwa na bakodi za mistari kadhaa na mfanyakazi aziskani moja baada ya moja. Wao walitatua kwa macho matatu makubwa kwenye kona. Ukikata mstari katikati ya jicho lolote, kutoka upande wowote, unakuta nyeusi kipimo 1, nyeupe 1, nyeusi 3, nyeupe 1, nyeusi 1. Uwiano huo hawakuuokota tu. Walipekua vipeperushi, magazeti na maboksi wakitafuta mpangilio wa nyeusi na nyeupe ambao ni nadra kujitokeza kwenye vitu vilivyochapwa, ili skana isidanganyike na herufi za jirani. Ndiyo sababu QR inadakwa haraka sana hata ukiishika kichwa chini. Lakini macho hayo yanakula nafasi. QR ndogo kabisa ya kawaida ina viraba 21 kwa 21, jumla 441, na macho matatu peke yake yamechukua 147. Theluthi nzima, kabla hujaandika hata tarakimu moja.

Data Matrix ni ya Marekani, ya mwishoni mwa miaka ya 1980, na ni bahili zaidi. Haina macho. Ina mstari mzima mweusi kushoto na chini, kama herufi L, unaoonyesha imekaaje. Pande mbili zilizobaki zina nyeusi na nyeupe kwa kupokezana, ili skana ihesabu ni viraba vingapi. Basi. Inaanzia viraba 10 kwa 10. Kwa sababu hiyo utaiona kwenye vitu vidogo au vyenye uso mbaya: vipuri vya kielektroniki, vyuma vilivyogongwa nukta, na maboksi ya dawa anayoyashika shemeji yako kila siku. Kasoro yake kwako ni kwamba kamera ya simu, ikiachwa kama ilivyotoka dukani, mara nyingi haiitambui mpaka uweke programu ya kuskani. Mteja wa kawaida hatahangaika hivyo.

Zipo na ndugu zao, nitakupitisha haraka. PDF417, ule mstatili mpana unaouona kwenye pasi ya kupandia ndege ya karatasi na nyuma ya leseni za udereva za Marekani, ulibuniwa ili hata skana za leza zinazopita mstari kwa mstari ziweze kuusoma. Ni kama bakodi nyingi nyembamba zilizopangwa ghorofa. Kwa chupa yako ni mpana mno. Aztec ina miraba iliyozungukana katikati kama shabaha, haihitaji ukingo mtupu nje, na ndiyo maana inapendwa kwenye tiketi za simu na za treni za Ujerumani. Lakini kwenye rafu za maduka hakuna anayeitarajia. MaxiCode, yenye duara katikati na vidoa vya pembe sita, ni ya UPS kwa vifurushi na haizidi herufi 93. Na kama kijana atakuambia kuna QR ndogo yenye jicho moja tu, ni kweli ipo, na inavutia, lakini simu nyingi haziioni kabisa. Usiichukue.

Ipi inabeba zaidi? Kwa vipimo vya juu kabisa, QR hufika tarakimu 7,089, Data Matrix 3,116, na PDF417 takriban 2,700. Lakini hebu tuhesabu za kwako. Mnunuzi anataka mambo matatu. Kwa utaratibu wa GS1, shirika linalosimamia namba za bidhaa duniani, kila jambo hutanguliwa na namba ya utambulisho: 01 kisha tarakimu 14 za bidhaa, 17 kisha tarakimu 6 za tarehe ya kuisha, kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, hivyo 31 Julai 2027 inaandikwa 270731, na 10 kisha bechi yako, tuseme tarakimu 6. Jumla ni tarakimu 32. Kubishania ipi inabeba 7,000 kwa ajili ya 32 ni kukodi jahazi kwenda kununua nazi tatu.

Kinachokuhusu ni milimita. Printa nyingi ndogo za lebo huchapa nukta 8 kwa kila milimita. Kiraba cha nukta 4 kina upana wa nusu milimita, ukubwa ambao skana nyingi za stoo husoma bila kusumbua. Zile tarakimu 32 zinaingia kwenye Data Matrix ya viraba 18 kwa 18. Weka ukingo mtupu wa kiraba kimoja kila upande, ambao ndio inaohitaji: unapata 20, yaani milimita 10. Tarakimu zilezile zinaingia kwenye QR ya 21 kwa 21. Utasema tofauti ni ndogo, na kweli mchoro wenyewe haujapishana sana. Lakini QR inadai ukingo wa viraba 4 kila upande. Jumla 29, yaani milimita 14 na nusu. Na ukitaka QR ile ifungue tovuti yako, tukiweka anwani ya kawaida yenye namba zote hizo ndani, herufi zinafika kama 60, QR inakua hadi viraba 33, na pamoja na ukingo ni milimita 20 na nusu.

Kwenye karatasi bapa zote tatu ni ndogo. Wewe unabandika kwenye duara. Kichupa chako cha kipenyo cha milimita 25 kina mzingo wa karibu milimita 78. Mchoro wa milimita 20 na nusu unazunguka zaidi ya robo ya chupa, na viraba vya pembezoni vinaonekana vimebanwa kwa karibu theluthi moja ya upana wao. Skana inayotegemea viraba vilivyo sawa inaanza kubahatisha. Ule wa milimita 10 pembezoni hupoteza chini ya sehemu moja ya kumi. Chukua kichupa mkononi ukitazame kwa jicho moja, utaona mwenyewe kingo za lebo zinavyokimbia. Hilo ndilo linaloipa Data Matrix ushindi kwenye kichupa chako. Habari ya dawa haimo.

Kuna jambo la kusomeka hata zikichafuka, na hapa napenda watu waelewe, kwa sababu wengi wanaona kama uchawi. Chukua kalamu. Tuseme nataka kukutumia namba tatu: 3, 8, 5. Naongeza ya nne, jumla yake, 16. Karatasi ikidondokewa mafuta na 8 ikafutika, unatoa 3 na 5 kwenye 16, unaipata. Hiyo ni rahisi kwa kuwa pengo unaliona. Kazi iko pale 8 haikufutika bali imesomeka 6. Jumla inakuja 14, unajua zimepungua 2, lakini hujui nani kapungukiwa. Kwa hiyo naongeza namba ya tano: ya kwanza mara 1, ya pili mara 2, ya tatu mara 3, zote pamoja. Hiyo ni 3 na 16 na 15, jumla 34. Sasa piga hesabu kwa namba ulizosoma: 3 na 12 na 15, unapata 30. Upungufu wa kwanza ni 2, wa pili ni 4. Gawa 4 kwa 2, jibu 2: mwenye kosa ni namba ya pili, na kapungukiwa 2. Umeirudisha 8 yako bila kunipigia simu.

Michoro hii hufanya hivyohivyo kwa hesabu nzito zaidi, inayoitwa Reed–Solomon kwa majina ya wataalamu wawili wa Marekani walioichapisha mwaka 1960. Kwenye QR unachagua mwenyewe akiba, yaani zile namba za ziada, iwe kiasi gani, ngazi nne, kuanzia kuvumilia uharibifu wa takriban asilimia 7 hadi 30. Kwenye Data Matrix ya kisasa huchagui. Imepangwa kulingana na ukubwa. Ile yako ya 18 kwa 18 ina nafasi 18 za habari na 14 za akiba, na inaweza kusahihisha makosa 7 yasiyojulikana yalipo. Lakini angalia: akiba hulinda habari, hailindi macho ya QR wala ile L ya Data Matrix. Jicho moja la QR likifutika vizuri, asilimia 30 zako hazitakusaidia kitu. Na kijana akikushawishi aweke nembo ya karafuu katikati ya QR ili ipendeze, ujue anaifunika habari na kuitegemea akiba iifidie. Umeshatumia spea kabla ya kuanza safari.

Tuje kwa shemeji yako na suala la kuigwa. Hapa nitasema bila kuzungusha: hakuna mchoro usioigika. Kinachoweza kuchapwa mara moja kinaweza kupigwa picha na kuchapwa mara elfu, na nakala itasomeka sawasawa na ya asili. Alichokiona famasi ni cha kweli ila amekipa sifa mchoro badala ya daftari. Katika Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 9 Februari 2019, boksi la dawa za cheti lina Data Matrix yenye namba yake peke yake, na famasi inapoitoa dawa, namba ile inafutwa kwenye mfumo. Boksi la pili likija na namba hiyohiyo, mfumo unapiga kelele. Anayemkamata mwigaji ni kumbukumbu iliyo nyuma, pamoja na desturi ya kuiangalia kila mara. Mchoro ni kibandiko tu cha kubebea namba. Hata sahihi ya kidijitali ndani ya mchoro inathibitisha nani aliyeiandika. Haithibitishi kwamba mafuta yaliyomo chupani ni yako.

Kwa biashara ya ukubwa wako, mfumo wa namba kwa kila chupa naona ni gharama kabla ya wakati. Kifuniko chenye pete inayokatika kikifunguliwa kitakusaidia zaidi mwaka huu. Siku ukisikia mafuta ya uongo yana jina lako sokoni, hapo tutazungumza namba za pekee.

Sasa lile nililokuahidi. Namba ya bidhaa haibadiliki, lakini bechi na tarehe hubadilika kila unapojaza chupa. Lebo 5,000 zikichapwa leo na msimbo wa bechi ya leo, ukijaza chupa 800, lebo 4,200 zilizobaki ni uongo. Kwa hiyo lebo ya rangi, yenye jina lako na ua la karafuu, ichapwe kama kawaida, ila iachwe kisanduku cheupe kitupu. Ndani ya kisanduku hicho wewe mwenyewe, kila bechi, unachapa msimbo pamoja na maandishi ya kawaida ya bechi na tarehe kwa printa ndogo ya lebo. Maandishi yasiachwe, skana ikigoma, mtu wa stoo anahitaji kitu cha kusoma kwa macho.

Na printa hiyo iwe ya utepe wa wino, si ile ya karatasi ya joto kama risiti za dukani. Nitakuambia kwa nini nalishikilia hili. Niliwahi kumtengenezea mtu lebo za mafuta ya kuchulia kwa karatasi ya joto, nzuri kabisa, zote zinasomeka mezani. Mwezi mmoja baadaye alinirudishia chupa moja imefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Tone lilikuwa limeshuka kutoka kwenye kifuniko, limepita katikati ya mchoro, na pale lilipopita weusi ulikuwa umegeuka kijivu kama majivu ya mkaa. Nilisugua kwa kidole gumba, ikatoka. Kosa lilikuwa langu, nilijaribu lebo kavu kwa bidhaa isiyo kavu. Kwa karafuu, omba lebo ya plastiki ya polipropilini na utepe wa resini, kisha idondoshee mafuta yako mwenyewe, iache usiku kucha, asubuhi isugue ndipo uiskani.

Rangi nayo. Mweusi juu ya mweupe, usiniletee ubunifu. Chupa yako nadhani ni ya kahawia. Lebo ya plastiki angavu juu yake inaacha mchoro mweusi juu ya giza. Na mchoro mwekundu juu ya mweupe simu itausoma, lakini skana zenye taa nyekundu huuona mweupe mtupu. Mwambie pia kijana asiivute picha ya msimbo kwa kipanya ili ienee kwenye nafasi. Kila kiraba kiwe nukta kamili za printa, 4 au 5, si tatu na nusu. Ukivuta, viraba vingine vinanenepa na vingine vinakonda.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Kichupa kidogo: Data Matrix ya GS1, milimita 10, kwa ajili ya stoo ya mnunuzi. Chupa ya mililita 100 ina nafasi, kwa hiyo pamoja na hiyo Data Matrix iwe na bakodi ya mistari ya kawaida kwa ajili ya kaunta za maduka, na QR kubwa kidogo inayofungua tovuti yako mwenyewe, kwa jina la tovuti unalolilipia wewe. Huenda umesikia kwamba GS1 imeweka lengo la mwisho wa mwaka 2027 kaunta ziweze kusoma michoro ya mraba. Ni lengo la kuziwezesha kaunta zisome zote mbili. Hakuna aliyesema mistari itapigwa marufuku siku hiyo, kwa hiyo usikimbizwe. Msimbo wa Data Matrix na QR wa mteja usiviweke bega kwa bega kwenye uso mmoja, mtu wa stoo ataskani usio wake. Kimoja mbele, kingine nyuma.

Kuna mambo mawili ambayo mimi kwa maandishi siwezi kukumalizia. La kwanza ni namba ya bidhaa. Usiitunge, na usiinunue kwa mtu mtandaoni anayeuza namba za jumla. Nenda GS1 Tanzania ujisajili, upewe namba zinazoanza na 620. Hizo 620, kwa kuwa watu hupotoka hapa, zinaonyesha mwenye namba kajisajili wapi, hazithibitishi bidhaa imetengenezwa wapi. Waulize hapohapo ukubwa mdogo kabisa wa kiraba wanaouruhusu kwa bidhaa kama yako, maana wana majedwali yao kulingana na mahali msimbo utakaposomewa. La pili ni lebo yenyewe, yaani maneno yanayotakiwa kisheria kwa mafuta ya kupaka. Hilo ni la Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, na ni afadhali uende na sampuli mkononi kuliko kupiga simu. Mzigo ukikua, tafuta pia mchapaji mwenye kifaa cha kupima ubora wa misimbo, kinachotoa daraja kuanzia A hadi F. Simu yako kusoma msimbo si kipimo, kwa sababu simu za siku hizi ni zenye huruma mno.

Lakini kabla ya yote hayo, leo jioni, mwandikie mnunuzi wa Muscat maswali mawili tu: je, "bakodi ya mraba" kwake ni Data Matrix ya GS1 au QR ya GS1, na skana za stoo yake ni za leza au za kamera? Zile za leza zinazotoa mstari mmoja mwekundu hazisomi yoyote kati ya hizi mbili hata uzichape kwa dhahabu. Mwambie utamtumia vichupa 20 vya majaribio, vyenye mafuta ndani na vilivyokwisha kushikwashikwa, si lebo kavu kwenye bahasha, na aviskani kwa mikono ya watu wake wenyewe. Akikujibu kwamba ana leza, niandikie tena kabla hujanunua printa.